Ndizi, papai au stroberi: utumie tunda gani kuwaonyesha wanafunzi DNA?

Maelekezo mengi ya kutoa DNA, ile molekuli inayobeba urithi ndani ya seli, kwenye tunda huanza na stroberi, kwa kuwa walioyaandika wanaishi mahali ambapo stroberi ni tunda la kawaida. Mwalimu wa Mbale, Lira au Busia akiyasoma hukwama hapo hapo. Ndizi na papai anapishana nazo sokoni kila siku. Stroberi ni ya kuagiza Kampala. Je, atumie kilicho karibu na kukubali matokeo hafifu, au amngoje mtu anayesafiri?

Asingoje. Matunda haya matatu yote yana DNA ya kutosha kuonekana kwa macho, na jaribio lenyewe ni lile lile: kuponda, kutia sabuni na chumvi, kuchuja, kisha kumimina spiriti juu. Kinachotofautiana ni kazi ya kuchuja, usafi wa kile kinachoelea mwishoni, na zaidi ya yote maswali ambayo kila tunda huyaleta darasani. Hilo la mwisho ndilo ninalolipa uzito mkubwa. Nyuzi nyeupe ndani ya glasi husisimua kwa dakika tano, na baada ya hapo lazima kuwe na jambo la kuzungumza. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza 2020 unataka wanafunzi watende na waeleze walichotenda, kwa hiyo tunda linalozaa maswali lina thamani kuliko tunda linalotoa bonge kubwa.

Vigezo

Nimeyapima matunda haya kwa mambo matano: upatikanaji wake hapa Uganda, urahisi wa kuyaponda na kuyachuja, sura ya nyuzi zinazotoka, somo la urithi linaloambatana nayo, na mtu ambaye kila moja linamfaa.

Kigezo cha tatu kinahitaji maelezo, maana hapo maelekezo mengi hukaa kimya. Ule ute mweupe unaoelea kwenye spiriti si DNA tupu. Ndani yake mna RNA (molekuli iliyo ndugu wa DNA), protini, na pia pektini, ile inayoifanya jemu igande. Pektini nayo huganda ikikutana na spiriti. Watengenezaji wa jemu wamekuwa wakitumia spiriti kupima kama juisi ya tunda ina pektini ya kutosha. Kwa hiyo tunda lenye pektini nyingi linaweza kukupa bonge la kupendeza lenye DNA kidogo, na mwanafunzi akaenda nyumbani akiamini ameona kitu ambacho kwa sehemu kubwa hakukiona.

Dawa yake ni glasi ya pili. Andaa tunda lile lile, kwa chumvi na spiriti ile ile, ila usitie sabuni. Sabuni ndiyo inayovunja utando wa seli na utando wa kiini, ambao umejengwa kwa mafuta. Bila sabuni, DNA nyingi hubaki imefungiwa ndani. Kinachoganda kwenye glasi hiyo ni vitu ambavyo havikuhitaji sabuni ili vitoke. Tofauti kati ya glasi hizo mbili ndiyo ya kuchora daftarini na kubishania. Fanya hivyo kwa tunda lolote utakalochagua.

Njia moja kwa matunda yote

Ukitaka kulinganisha kwa haki, chukua uzito sawa wa kila tunda, kama gramu 50 kwa kila kikundi. Changanya nusu kikombe cha maji, vijiko viwili vya chai vya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, na kijiko kimoja cha chai cha chumvi. Koroga taratibu ili povu lisijae. Ponda tunda ndani ya kaveera (mfuko wa plastiki) safi isiyo na tundu, mimina maji ya sabuni, endelea kuminya polepole kwa dakika mbili hivi, kisha chuja kwa kitambaa safi cha pamba. Chujio la chai peke yake lina matundu makubwa mno.

Mimina maji yaliyochujwa kwenye glasi nyembamba au chupa ya maji iliyokatwa shingo. Inamisha glasi, kisha teremsha spiriti baridi kwenye ukuta wake polepole, ikae juu bila kuchanganyika, kwa kiasi kinacholingana na maji yaliyo chini au kuzidi kidogo. Nyuzi hutokea pale tabaka mbili zinapokutana, kisha hupanda. Zizungushe kwenye kijiti.

Chumvi nayo ina kazi yake, haikuwekwa kwa mazoea. DNA ina chaji hasi, hivyo nyuzi zake husukumana. Sodiamu ya kwenye chumvi huituliza chaji hiyo, nyuzi zikakaribiana na spiriti ikazigandisha. Waambie wanafunzi pia kwamba uzi mmoja wa DNA una upana wa nanomita 2, kipimo ambacho darubini ya shule haikifikii. Wanachokishika kwenye kijiti ni nyuzi nyingi mno zilizosongamana.

Ndizi

*Upatikanaji.* Hapa hakuna mjadala. Bogoya, ile ndizi kubwa ya kula ikiwa mbivu, na ndizi ndogo tamu ziko kila soko, kila kibanda cha kando ya barabara, mwaka mzima. Usitumie matoke mabichi, yaani ndizi za kupika: yana wanga mwingi na utomvu, na kitambaa chako kitaziba mara moja. Chagua ndizi iliyoiva hasa, yenye madoa madogo meusi kwenye ganda, kwa sababu wanga wake umekwisha geuka sukari na kuta za seli zimelegea. Iliyooza usiiguse, maana vimeng'enya vyake, yaani protini zinazoendesha kazi za kemikali ndani ya seli, vimeanza kuikata DNA vipande vipande.

*Kuponda na kuchuja.* Kuponda ni rahisi hata kwa mtoto wa darasa la tatu. Kuchuja ndiko kunakochosha. Ndizi hutoa rojo zito ambalo huteremka tone kwa tone, na mwanafunzi asiye na subira hukamua kitambaa hadi nyama ya ndizi ipenye. Ongeza maji kidogo, ning'iniza kitambaa, uache uzito wenyewe ufanye kazi. Rojo hubadilika kuwa la kahawia likikaa hewani. Hilo haliharibu jaribio, ila linaondoa mvuto.

*Nyuzi.* Ukichuja vizuri, utaona wingu jeupe lenye nyuzi zinazopanda. Ukichuja vibaya, utaona vipande vya ndizi vinavyoelea, na wanafunzi watavipigia makofi. Mwalimu awe macho hapo.

*Somo.* Ndizi haina mpinzani katika nchi hii. Bogoya na matoke yana seti tatu za kromosomu (vifurushi vya DNA ndani ya seli), jumla 33, badala ya seti mbili zilizo za kawaida kwa viumbe wengi. Seti tatu haziwezi kugawanyika sawasawa wakati wa kutengeneza seli za uzazi, na hii ni sababu mojawapo ya ndizi kukosa mbegu. Ndiyo maana mkulima wa Masaka au Mbarara hapandi mbegu, anapanda chipukizi lililokatwa kwenye shina mama. Shamba zima linaweza kuwa na urithi mmoja.

Kutoka hapo maswali yanakuja yenyewe. Kama migomba yote ina DNA ileile, ugonjwa ukiingia shambani nini kitatokea? Bogoya ndiyo ndizi ambayo ulimwengu huijua kwa jina la Gros Michel, iliyotawala biashara ya ndizi ya kimataifa hadi mnyauko wa fuzari, ugonjwa wa kuvu, ulipoimaliza kwenye mashamba makubwa katikati ya karne ya 20. Hapa kwetu, bogoya na ndizi ndogo tamu bado zinashambuliwa na ugonjwa huo, ilhali matoke huustahimili. Halafu mnyauko wa bakteria uliripotiwa Uganda mwaka 2001, na huo hauchagui: matoke, bogoya, zote huanguka. Watafiti wa NARO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo, pale Kawanda, kwenye barabara ya Bombo, wanahangaika na jambo hili hili. Huchavusha migomba kwa mkono, mikungu mingi, ili kupata mbegu chache za kuzalisha aina mpya. Mtoto ambaye nyumbani wamewahi kung'oa migomba iliyonyauka hahitaji kushawishiwa kwamba DNA inamhusu.

*Inamfaa nani.* Mwalimu mwenye darasa kubwa na bajeti ndogo, na yeyote ambaye wanafunzi wake wanatoka kwenye familia za wakulima wa migomba. Inataka muda wa kuchuja. Kipindi cha dakika 40 kitakubana usipowaandalia vikundi vifaa mapema.

Papai

*Upatikanaji.* Lipo sehemu nyingi za nchi, na nyumba nyingi zina mpapai uani. Faida kubwa ni ukubwa wake: papai moja laweza kutosha darasa zima, na vikundi vyote vikatumia tunda moja. Kwa jaribio la kulinganisha hiyo ni nafuu kubwa, maana hakuna atakayesema tunda lake lilikuwa bichi zaidi.

*Kuponda na kuchuja.* Toa mbegu na maganda, mengine ni mepesi. Papai lililoiva lina maji kuliko ndizi na huchujika haraka. Chembe laini za nyama yake hupenya kitambaa kilicholegea, kwa hiyo kikunje mara mbili.

*Nyuzi.* Weupe juu ya rangi ya chungwa huonekana vizuri hata kwa aliyekaa nyuma. Tahadhari ni pektini: papai linayo, na mara nyingine kinachotokea ni ute mzito kuliko nyuzi. Glasi isiyo na sabuni ni ya lazima zaidi hapa.

*Somo.* Papai lina mambo mawili ya kufundisha. La kwanza ni papeini, kimeng'enya kinachokata protini. Anayechoma mishikaki anajua papai bichi hulainisha nyama. Kazi hiyo hiyo inatusaidia hapa, kwa kuwa ndani ya seli DNA imeviringwa kwenye protini, na kuna protini nyingine ambazo kazi yake ni kuikata DNA. Papeini nyingi imo kwenye utomvu wa papai bichi na hupungua tunda linapoiva, hivyo usitegemee miujiza kutoka kwa papai lililoiva. Jambo hili lina historia ya kuvutia. Mswisi Friedrich Miescher, aliyekuwa wa kwanza kuitenga DNA mwaka 1869 mjini Tübingen, Ujerumani, aliitoa kwenye usaha wa bandeji za hospitali, na ili kuondoa protini alitumia kimeng'enya alichokipata kwenye tumbo la nguruwe. Kwa kanuni, papai linaingia mahali pa tumbo lile.

La pili ni jinsia. Kila mtu kijijini anajua mpapai dume: unatoa maua mengi yaning'iniayo, matunda hakuna. Jinsia ya mpapai huamuliwa na kromosomu, kama ilivyo kwa binadamu, ila mpapai una hali tatu: dume, jike, na wenye jinsia zote mbili katika ua moja. Mkulima hawezi kuitambua kwa kutazama mche mchanga, lakini maabara inaweza kuisoma kwenye DNA ya jani. Sijui swali zuri la kumwachia mwanafunzi wa kidato cha tatu kuliko hili: kama ungeweza kusoma huo ute uliomo kwenye glasi yako, ungejua nini kuhusu mti uliozaa papai hili?

*Linamfaa nani.* Mwalimu mwenye kipindi kifupi, darasa linalosoma vimeng'enya au urithi wa jinsia, na mzazi mwenye mpapai uani. Papai bichi lina utomvu unaowasha ngozi. Watoto wadogo wapewe lililoiva tu.

Stroberi

*Upatikanaji.* Supamaketi za Kampala, na wakulima wachache. Bei yake haishindani na ndizi. Zilizogandishwa zinafaa kabisa, tena zina faida: barafu iliyojengeka ndani ya seli imekwisha zipasua kabla hujaanza kuponda.

*Kuponda na kuchuja.* Hapa inastahili sifa zake. Hakuna ganda, na ikiiva ina vimeng'enya vyake yenyewe vinavyolegeza kuta za seli. Inapondeka kwa vidole na maji yake hupita kwenye kitambaa bila ugomvi.

*Nyuzi.* Nyeupe juu ya wekundu, ndefu, zinazoviringika kwenye kijiti. Watengenezaji wa jemu huihesabu stroberi miongoni mwa matunda yenye pektini kidogo, kwa hiyo unachokiona kina haki zaidi ya kuitwa DNA.

*Somo.* Maelekezo mengi yatakuambia stroberi ni bora kwa kuwa ina seti nane za kromosomu. Ni kweli ina seti nane, kromosomu 56. Lakini fanya hesabu. Seti moja ya ndizi ina jozi za besi, yaani herufi za DNA, takriban milioni 523, kwa mujibu wa usomaji wa DNA yake uliochapishwa 2012. Mara tatu, ni zaidi kidogo ya bilioni 1.5 kwa seli. Stroberi, iliyosomwa kikamilifu 2019, ina kama milioni 813 katika seti nne, yaani bilioni 1.6 kwa zote nane. Zinakaribia kulingana! Papai, lenye seti mbili za milioni 372, lina kama nusu ya hapo. Na seli ya binadamu, yenye seti mbili tu, ina bilioni 6 na zaidi.

Idadi ya seti, basi, haikuambii wingi wa DNA mpaka ujue ukubwa wa kila seti. Stroberi huwashinda wenzake kwa ulaini, wepesi wa kuchujika na uchache wa pektini, zaidi ya kwa hizo seti nane. Wape wanafunzi namba hizi wazipige wenyewe. Ni hesabu ya darasa la saba inayosahihisha maelezo yaliyorudiwa mara nyingi mno.

*Inamfaa nani.* Mzazi wa mjini mwenye watoto wawili watatu mezani, klabu ya sayansi inayojiandaa kwa maonyesho, au mwalimu anayeonyesha mwenyewe mbele ya darasa badala ya kugawa vikundi. Kwa mtoto wa kijijini ambaye hajawahi kuiona, tunda lenyewe huwa kioja na jaribio likageuka la pili.

Matunda mengine kwa ufupi

Parachichi liache, mafuta yake huisumbua sabuni. Embe lina nyuzinyuzi zake ambazo mwanafunzi atazidhani DNA. Machungwa na ndimu zina pektini nyingi. Nanasi silo chaguo langu kuu, lakini kijiko kimoja cha juisi yake mbichi ndani ya rojo la ndizi husaidia kukata protini; juisi ya kopo haifai, kwa kuwa joto la kuihifadhi limekwisha kuua kimeng'enya.

Spiriti, jambo linaloharibu majaribio mengi

Mara nyingi jaribio likishindwa, lawama huangukia tunda, ilhali kosa liko kwenye spiriti. DNA huganda vizuri ethanoli, spiriti ya kawaida, ikifika kama asilimia 65 hadi 70 ya mchanganyiko; kwa isopropanoli, spiriti ya aina nyingine, karibu nusu yatosha. Waragi ya chupa, ile pombe kali ya hapa, ina asilimia 40 hivi, kwa hiyo hata ungeitumia peke yake isingefika. Ile ya kienyeji haijulikani nguvu yake na yaweza kuwa na methanoli, ambayo ni sumu. Isiingie darasani kabisa. Spiriti ya duka la dawa ya asilimia 70 hufanya kazi kwa unyonge, kwenye mpaka wa tabaka mbili tu, na ndiyo sababu ya kuimimina polepole. Yenye asilimia 90 au zaidi ni bora. Dawa ya kusafishia mikono ya jeli haifai.

Shule isiyo na umeme ibebe barafu kwenye chupa ya chai na kuzamisha chupa ya spiriti humo. Usiiweke kwenye friji ya muuza soda, maana mtu anaweza kuinywa. Isikaribie mshumaa wala sigiri, madirisha yawe wazi, na tunda lililoingia kwenye jaribio lisirudi mdomoni.

Uchague kwa kutazama hali yako

Ukiwa na wanafunzi 80 na fedha kidogo, nunua ndizi zilizoiva na ugawe kazi katika vipindi viwili: siku ya kwanza kuponda na kuchuja kwa mazoezi, siku ya pili jaribio kamili na glasi ya kulinganishia.

Ukiwa na kipindi kimoja tu, au mada ni vimeng'enya, chukua papai. Kama mada ni uzazi wa mimea na magonjwa ya mazao, rudi kwenye ndizi hata kama papai liko mezani.

Nyumbani na watoto wadogo, ukiwa Kampala, stroberi zilizogandishwa zitakupa furaha bila vurugu jikoni. Mzazi wa Arua au Kasese atumie papai la uani. Mtoto hatakosa kitu.

Kwa klabu inayokwenda kwenye maonyesho ningependekeza matunda yote matatu kwa uzito sawa, kila moja na glasi yake isiyo na sabuni, na kando yake karatasi yenye zile namba: bilioni 1.5, milioni 744, bilioni 1.6. Anayepita aulizwe kwanza anatarajia glasi ipi iwe na ute mwingi, kisha aonyeshwe. Na kama una uwezo wa kununua kitu kimoja tu cha ziada, usinunue stroberi. Nunua spiriti yenye nguvu.